Hubiri la Sabuni

Kuna hubiri moja ambalo jiji la Johannesburg halichoki kulihubiri. Mtoto akilazwa kwa kuharisha, kipindupindu kikitajwa redioni, darasa zima likianza kutapika, jibu liko tayari: watu hawanawi mikono. Wanajazana chumba kimoja, wanakula barabarani, wanapikia mlangoni mwa choo. Mwenye nyumba wa Observatory hulisema kwa upole, dereva wa teksi hulisema kwa hasira, na sisi tunaozungumza Kiswahili mji huu, Wakongomani wa Yeoville na Watanzania wa katikati ya jiji, tunalisema kwa sauti ya chini tukimteta jirani wa chumba cha pili. Limeenea kiasi kwamba hata wanaolaumiwa wanalikariri. Mama anampeleka mwanawe kliniki, na kabla nesi hajamuuliza lolote ameshaanza kujitetea: "Sista, mimi nyumbani ni msafi."

Nalipinga hubiri hili, na sitalipinga kwa adabu sana. Linachukua ugonjwa unaosafiri kwenye mabomba, viwandani na katika vyumba vya kupanga, kisha linaubandika kwenye viganja vya mtu mmoja.

Tuanzie hapa hapa Observatory. Mtaa huu umekaa juu ya ukingo wa mawe mashariki mwa jiji. Jina lake limetokana na kituo cha kupima hali ya hewa kilichoanzishwa hapa 1903, ambacho baadaye kiligeuka kuwa cha kutazama nyota. Robert Innes alipoitambua Proxima Centauri mwaka 1915, nyota iliyo jirani zaidi na jua letu, alikuwa akifanya kazi kwenye kilima hiki. Kwa darubini, mahali pa juu namna hii panafaa sana. Kwa maji hapafai. Maji ya Johannesburg yanatoka mto Vaal, mengine yakiletwa kutoka milima ya Lesotho, na shirika la Rand Water huyasukuma kupanda hadi huku. Presha ikishuka, walio juu ndio wa kwanza kukaukiwa. Machi 2024 radi ilikata umeme wa kituo cha pampu cha Eikenhof, na sehemu kadhaa za jiji zikakaa zaidi ya wiki nzima bila tone. Na hata pale pampu zinapofanya kazi, zaidi ya asilimia 40 ya maji ambayo jiji linanunua hayaingizi mapato yoyote, kwa sehemu kubwa kwa sababu yanavujia ardhini.

Bomba likikauka, linakauka kwa wote. Hapo ndipo Observatory inakuwa darasa zuri, kwa sababu matajiri na wapangaji wa vyumba hapa hawatenganishwi na barabara kuu kama Sandton na Alexandra. Wako ukuta kwa ukuta. Nyumba ya kwanza ina tangi la JoJo nyuma ya gereji, pampu ndogo, na kisima kilichochimbwa uani. Ukutani wameweka kibao kuwajulisha wapita njia kwamba maji ya bustani ni ya kisima, wasije wakadhani wanachezea ya jiji. Siku ya kukauka mashine ya kufulia inaendelea kuzunguka. Mwenyeji anajua kuna shida kwa sababu ameisoma kwenye simu.

Nyumba ya pili ilijengwa na mtu wa aina ileile, wakati uleule, kwa mawe yaleyale ya kilima. Leo imegawanywa kwa mbao na mapazia, kila chumba familia yake na kodi yake, na choo ni kimoja. Nyuma ya mlango wa choo kuna ndoo ya rangi ya lita 20, chapa ya kampuni ya rangi bado inasomeka ubavuni. Ndoo hiyo imejazwa kwenye boza la jiji lililosimama mtaa wa tatu, ikabebwa kupandisha mlima. Kuna sheria ya nyumba ambayo haikuandikwa: maji humwagwa baada ya haja kubwa tu. Tangi la choo cha zamani humeza lita tisa au zaidi kwa mvuto mmoja, yaani karibu nusu ya ndoo. Nusu iliyobaki ni ya ugali, ya chai, ya kumwogesha mtoto, ya kufua nepi ya yule anayeharisha. Kisha aje mtu na bango amwambie mama huyu anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Yanayotiririka!

Nakubali, na nisieleweke vibaya: kunawa mikono kunasaidia. Tafiti nyingi, za nchi tajiri na maskini, zimeonyesha kwamba kunaweza kupunguza kuharisha kwa karibu theluthi moja. Nakubali pia kwamba maji yaliyotoka salama Rand Water huweza kuchafuka yakifika ndani, mtoto anapochota kwa kikombe alichokishika na mikono yenye kinyesi. Wahubiri wa sabuni huishika hoja hii kwa furaha: mnaona, tatizo ni la nyumbani. Lakini hakuna anayechota kwa kikombe kwenye bomba linalotoka. Ndoo haikuingia nyumbani kwa sababu ya tabia. Iliingia siku maji yalipokatika, na itaondoka siku yatakaporudi na kukaa.

Kama ndoo haitoshi kuwashawishi, kuna poloni, ile soseji nene ya kukatwa vipande.

Kati ya Januari 2017 na katikati ya 2018 Afrika Kusini ilipata mlipuko wa listeriosisi, ugonjwa wa bakteria wanaoingia kupitia chakula, mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa duniani. Wagonjwa waliothibitishwa na maabara walipita 1,000, na zaidi ya 200 walikufa. Gauteng, mkoa wetu huu, ulibeba zaidi ya nusu ya wagonjwa. Wanne na zaidi katika kila kumi walikuwa vichanga wa chini ya siku 28, walioambukizwa tumboni mwa mama zao au wakati wa kuzaliwa. Mlipuko ulipotangazwa rasmi Desemba 2017 chanzo kilikuwa hakijajulikana, na ushauri uliotolewa kwa umma ulikuwa zile kanuni tano za Shirika la Afya Duniani za chakula salama: usafi, kutenganisha kibichi na kilichoiva, kupika vizuri, na kadhalika. Jukumu likarudishwa jikoni, kwa mwanamke, kama kawaida.

Januari 2018 watoto wadogo wa chekechea moja ya Soweto walipelekwa hospitali ya Chris Hani Baragwanath wakiwa na homa na matumbo yanayoendesha. Wachunguzi wakaenda kwenye chekechea ile, wakafungua friji, wakachukua poloni. Njia ile ikawafikisha kwenye kiwanda cha Enterprise Foods huko Polokwane, wakati huo mali ya Tiger Brands, moja ya kampuni kubwa kabisa za chakula barani. Tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, akatangaza hadharani kwamba bakteria walitoka humo. Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Johannesburg ikaruhusu waathirika wafungue kesi ya pamoja.

Sasa tujiulize ni nani angepaswa kunawa mikono. Poloni inauzwa ikiwa tayari kuliwa, hakuna anayeipika. Imefungwa kwa plastiki, ina tarehe, ina mistari ya kupigiwa mashine kaunta. Na bakteria yule anastawi hata ndani ya friji, kwa hiyo hata yule mama mwenye friji nzuri na umeme usiokatika hakuwa na kinga. Mama aliyekuwa na kila sifa ya usafi inayotajwa kwenye bango alimzika mtoto wake. Tofauti yake na jirani wa Houghton, mtaa wa matajiri, haikuwa sabuni. Ilikuwa kwamba poloni ni miongoni mwa nyama za bei nafuu kabisa: ndiyo inayojaza kota ya mwanafunzi, yaani ile robo mkate iliyotobolewa, ndiyo inayowekwa kati ya vipande vya mkate kwenye chekechea ambayo karo yake haitoshi kununua mayai.

Hapa lazima nichomeke neno kuhusu samaki wetu. Pita soko la Yeoville siku yoyote, utakuta makayabo wamepangwa juu ya meza, wakavu, weupe kwa chumvi, na ndakala kwenye mafungu, na utamsikia mpita njia akifinya pua na kusema hawa watu ndio wanaotuletea magonjwa. Makayabo! Samaki aliyekaushwa kwa chumvi kiasi hicho hampi bakteria nafasi ya kuzaliana, kisha analowekwa usiku kucha, kisha anachemshwa hadi majirani wote wajue kuna makayabo. Kitu kilichoua watu mia mbili kilikuwa kimelala kwenye rafu ya supamaketi yenye taa na kipozeo, na hakuna aliyefinya pua.

Hoja hii kwamba mgeni ndiye anayeleta magonjwa inastahili kujibiwa yenyewe, kwa sababu ndiyo yenye meno. Ni kweli kwamba wagonjwa wa kwanza wa kipindupindu waliothibitishwa mwaka 2023 walikuwa wasafiri waliorudi Johannesburg kutoka Malawi mwezi Februari. Hilo halifichwi. Lakini vifo vingi havikutokea pale walipofikia wasafiri wale. Vilitokea Mei, Hammanskraal, kaskazini mwa Pretoria, mahali ambapo Tume ya Haki za Binadamu ilikuwa imeshasema miaka kadhaa kabla kwamba maji ya bomba hayafai kunywewa na binadamu, na ambapo mtambo wa majitaka wa Rooiwal ulikuwa umezidiwa kwa muda mrefu. Wataalamu walibishana kama chanzo hasa kilikuwa bomba, boza au mto. Hakuna aliyebisha kwamba watu wale walikuwa wakiishi kwa maboza kwa miaka. Nchi nzima ilipoteza watu 47, na wengi wao walikuwa wa huko. Kijidudu kinaweza kuingia kwa ndege au kwa basi, kupitia mpaka wowote. Mahali kitakapoua watu huamuliwa mapema zaidi, kwenye bajeti za mabomba na mitambo.

Mwaka uliofuata likaja jambo la maduka ya spaza, vile vijiduka vya mitaani. Hii ilikuwa sumu, si maambukizo, nami naitaja kwa sababu hubiri lilikuwa lilelile. Oktoba 2024 watoto sita walikufa Naledi, Soweto. Waziri wa Afya akatangaza kwamba ni terbufos, dawa ya wadudu ya mashambani ambayo haiuzwi kihalali kwa matumizi ya nyumbani. Maduka ya Wasomali na Waethiopia yakavamiwa kabla maneno hayajamtoka mdomoni. Swali lililostahili kuulizwa kwanza ni kwa nini sumu ya shambani imo mtaani, na jibu lake ni panya. Na panya wapo kwa sababu taka hazizolewi. Rais Ramaphosa mwenyewe alilisema hilo alipolihutubia taifa Novemba ile. Sehemu hiyo ya hotuba ilisahauliwa upesi. Iliyokumbukwa ni ile ya kusajili maduka.

Wanaodhani haya ni mambo mapya watembee hadi Albemarle Street, Troyeville, mwendo mfupi tu kutoka huku juu. Katika nyumba moja ya mtaa ule aliishi wakili kijana aitwaye Gandhi. Muda mfupi kabla ya kuhamia hapo alikuwa akishughulika na kitongoji cha Wahindi kilichokuwa magharibi ya katikati ya mji, ambacho wakuu wa mji walikiita kwa jina la matusi. Walikuwa wameitwaa ardhi ile mwaka 1903, wakawa wao ndio wenye nyumba, wakapokea kodi na kuacha usafi. Waafrika nao walikuwa wakiishi humo. Februari 1904 Gandhi alimwandikia mganga mkuu wa mji, Dakta Porter, akimwonya kuhusu msongamano na uchafu, na kumweleza kwamba balaa ikija haitakuwa kwa kosa la Wahindi. Machi tauni ikalipuka. Aprili kitongoji kikateketezwa kwa moto, na wakazi wakahamishwa hadi Klipspruit, karibu kilomita 20 kusini-magharibi, kando ya shamba ambalo mji ulilitenga kwa majitaka yake. Kwa jina la usafi, watu waliondolewa wakapelekwa kuishi kando ya kinyesi cha mji. Huko ndiko Soweto ilikoanzia.

Labda msomaji atasema huo ni ubaguzi wa rangi, mambo ya Afrika Kusini, usiyapeleke Ulaya. Basi twende Ulaya. Mwaka 1892 Hamburg ilikuwa bandari tajiri, mji uliojitawala chini ya wafanyabiashara wake. Wafanyabiashara hao walivutana miaka na miaka kuhusu gharama za kujenga mtambo wa kuchuja maji ya mto Elbe. Altona, mji wa jirani uliopakana nao nyumba kwa nyumba, ulichuja maji yake, ingawa uliyachota chini zaidi mtoni, baada ya majitaka ya Hamburg kumwagwa. Kipindupindu kilipoingia Agosti, Hamburg ilizika watu zaidi ya 8,000 katika muda wa wiki chache, na Altona ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Robert Koch, mtaalamu wa bakteria, aliona jinsi ugonjwa ulivyofuata mpaka barabarani: upande huu wagonjwa, upande ule hakuna. Kulikuwa hata na majengo ya wafanyakazi yaliyokuwa ndani ya Hamburg lakini yakipata maji ya Altona, nayo yalipona. Watu wale walikuwa na lugha moja, kazi moja na mikono ileile. Ndani ya Hamburg yenyewe maskini walikufa zaidi, maana tajiri aliweza kuondoka mjini, na aliyebaki alikuwa na mtumishi wa kumchemshia maji.

Mtambo wa kuchuja ulikamilika mwaka uliofuata. Fedha, kumbe, zilikuwepo.

Na leo? Mwaka 2018 Natalie Adams na wenzake wa Uingereza walikusanya tafiti za nchi tajiri kuhusu maambukizo ya tumbo na hali za watu. Waligundua kwamba watoto wa familia za chini wana hatari karibu mara moja na nusu ya wale wa familia za juu. Kwa watu wazima picha haikuwa hivyo. Tofauti haikujitokeza wazi, na kuna tafiti ambamo wenye nacho ndio wanaoonekana kuumwa zaidi. Wapinzani wangu watalishika hilo la pili, kwa hiyo nalitaja mwenyewe. Tajiri anasafiri, anakula mahotelini na kuagiza nyama isiyoiva sana. Lakini pia tajiri anahesabiwa. Ili uingie kwenye takwimu ya serikali lazima uende kwa daktari, daktari achukue choo chako, maabara ikipime, na jibu liripotiwe. Mlinzi wa geti anayeharisha usiku haachi zamu akapime choo. Anakunywa Imodium aliyouziwa kwa kidonge kimojakimoja dukani, anaendelea. Mtoto ndiye asiyeweza kufichwa, kwa sababu mtoto hukauka maji upesi na hubebwa hospitali. Ndiyo maana tofauti inaonekana kwake.

Kuna hoja nyingine ambayo wenzangu huipenda, nami siipendi sana: kwamba tajiri ajali kwa sababu anayempikia ni yule yule anayelala kwenye nyumba ya choo kimoja. Ni kweli. Mfanyakazi wa siku, anayelipwa kwa siku aliyofika, akiharisha usiku, alfajiri yuko jikoni kwa watu akikata saladi. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa randi 28.79 kwa saa, na saa ambayo hukuifanya hulipwi. Sheria inatoa likizo ya ugonjwa, lakini wengi wanaobadilisha nyumba kila siku ya wiki hawaioni. Basi na ajali, kama hofu ndiyo inayomsukuma. Ningependelea ajali kwa sababu yule mwanamke ni mgonjwa.

Turudi kwenye maji: mahakama nazo zimepitia jambo hili. Wakazi wa Phiri, Soweto, akiwemo Lindiwe Mazibuko, waliushtaki mji wa Johannesburg kwa kuwawekea mita za kulipia kabla, zinazojifunga maji ya bure yakiisha. Mwaka 2008 Jaji Tsoka aliamua kila mtu apate lita 50 kwa siku. Mahakama ya Rufaa ikashusha hadi 42. Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba ikasema kiwango cha mji, lita 6,000 kwa mwezi kwa kila akaunti, kinakubalika kisheria. Kwa nyumba ya watu wanane hizo ni lita 25 kwa mtu kwa siku: ndoo moja ya rangi na robo yake. Na ni kwa akaunti, si kwa kichwa, kwa hiyo ile nyumba ya pili ya Observatory yenye familia kila chumba ilihesabiwa sawa na mjane anayeishi peke yake na paka. Tangu 2017 hata kiasi hicho cha bure kimebakizwa kwa waliojiandikisha kuwa maskini, na mpangaji wa chumba asiye na karatasi hajiandikishi popote.

Benki ya Dunia iliiweka Afrika Kusini namba moja kwa ukosefu wa usawa kati ya nchi 164 ilizozipima, katika ripoti ya 2022. Johannesburg inatajwa kuwa na mamilionea wengi kuliko jiji lolote la bara hili. Jiji la namna hiyo halikosi sabuni.

Nina ombi moja kwa wahubiri. Saa ambazo tangi la maji limekaa tupu zinajulikana. Johannesburg Water hutangaza hali ya matangi yake shida inapokuwepo. Idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano wanaoletwa kwa kuharisha nayo inajulikana, kwa sababu kliniki za serikali huihesabu. Orodha hizo mbili ziwekwe meza moja, kuanzia tangi la Yeoville na kliniki zinazolizunguka, na zichapishwe kila mwezi mahali ambapo mpangaji anaweza kuzisoma. Kama ugonjwa ni tabia, idadi ya wagonjwa haitajali tangi limejaa au limekauka. Wakikataa kuzichapisha, basi na yale mabango ya sabuni wayabandue.